Meno Yanapolegea: Kutunza Fizi Zilizougua Sana Bila Kupasuliwa

Daktari akikwambia kwamba ugonjwa wa fizi umeshafika kwenye mfupa, maswali mawili hukujia kwa pamoja: je, meno yatang'oka, na je, ni lazima nipasuliwe? Kwa walio wengi, jibu la swali la pili ni hapana. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2020 kwa ajili ya mwongozo wa matibabu wa Ulaya ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya mifuko ya fizi, yaani nafasi zinazotokea kati ya fizi na jino, hujifunga ndani ya miezi 6 hadi 8 kwa kusafishwa vizuri tu, bila kisu. Jibu la swali la kwanza linategemea sana mkono wako mwenyewe.

Lakini tuelewane mapema. Anayeepuka upasuaji bado anamhitaji daktari wa meno. Ugaga uliojishikiza kwenye mzizi wa jino, chini ya fizi, hautoki kwa maji ya chumvi, kwa karafuu wala kwa dawa yoyote ya dukani. Anayekuahidi hivyo anakuchelewesha huku mfupa ukizidi kuliwa. Hapa nitaeleza zaidi kazi yako wewe, ya asubuhi na usiku, na jinsi inavyofungamana na ile ya daktari.

Kinachoendelea ndani ya kinywa

Ukoga ni ule utando laini unaouhisi kwa ulimi ukiamka asubuhi. Ni bakteria walioshikamana. Usipoondolewa, baada ya siku chache huanza kunyonya chumvi zilizomo kwenye mate na kuwa mgumu. Huo ndio ugaga. Uso wa ugaga unakwaruza, hivyo bakteria hupata pa kujificha ambapo mswaki haufiki. Mwili hupambana nao, na katika mapambano hayo mfupa unaoshikilia jino huyeyuka kidogo kidogo. Fizi huachana na jino, na katikati yake hutokea mfuko. Kwenye fizi nzima, kifaa chembamba cha daktari huzama milimita 1 hadi 3. Kikizama milimita 4 au 5, ugonjwa upo. Kikifika 6 au zaidi, mfuko umekuwa wa kina na unahitaji kufuatiliwa kwa karibu.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1965, huko Aarhus, Denmark, mtafiti Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Wote fizi zao zilivimba ndani ya siku 10 hadi 21. Waliporudi kusafisha, zilipona kwa muda wa kama wiki moja. Kwa hiyo uvimbe wa juujuu hurudi nyuma haraka ukiuondolea chanzo chake. Mfupa ulioliwa haurudi kwa urahisi namna hiyo, ila ugonjwa unaweza kusimama pale ulipofika, na jino lililobakiwa na nusu ya mfupa wake linaweza kukutumikia miaka mingi.

Tena watu hawaugui sawasawa. Löe huyohuyo aliwafuatilia kwa miaka 15 wafanyakazi wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala daktari wa meno. Asilimia 8 waliharibikiwa kwa kasi, asilimia 81 pole pole, na asilimia 11 hawakupata madhara yoyote zaidi ya fizi kuvimba. Uchunguzi uliofanywa Machakos, Kenya, na kuchapishwa mwaka 1988 nao ulikuta ukoga na ugaga vimeenea kwa watu wazima, lakini uharibifu mkubwa umekusanyika kwa wachache. Ikiwa mama yako na shangazi zako waliishiwa meno wakingali na nguvu, huenda nawe uko katika hao wachache. Usikate tamaa kwa kusema ni mambo ya ukoo. Mtu wa aina yako ndiye anayefaidika zaidi na usafi wa uangalifu, kwa sababu kinywa chake hakisamehi ukoga kidogo ambao jirani yake anaishi nao bila shida.

Kazi ya kila siku, na hasa katikati ya meno

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi hushindwa. Mswaki husafisha mbele, nyuma na juu ya jino. Ugonjwa wa fizi huanza na kukomaa katikati ya jino na jino, mahali ambapo mswaki hauingii hata ukipiga kwa nusu saa. Kama fizi zako zimeshashuka na mapengo yameonekana, kifaa chako kikuu si mswaki tena, ni vibrashi vidogo vya katikati ya meno, vile vyenye waya mwembamba na nywele pande zote. Vinapatikana kwenye kliniki za meno na maduka makubwa ya dawa mijini. Huwa na ukubwa tofauti, na kila ukubwa una rangi yake. Mtu mmoja huhitaji aina mbili au tatu: chembamba kwa meno ya mbele, kinene kwa magego. Kipimo sahihi ni kile kinachoingia kwa kubana kidogo bila kulazimishwa, na nywele zikagusa pande zote mbili. Kikipwaya hakisafishi. Ukikisukuma kwa nguvu, waya utakujeruhi. Mwombe daktari au msaidizi wake akupimie pengo kwa pengo, kisha uandike kwenye daftari rangi ipi ni ya wapi.

Fanya kazi hiyo usiku, kabla ya mswaki, mbele ya kioo na mwanga wa kutosha. Ingiza kibrashi taratibu, kipeleke mbele na nyuma mara chache kikiegemea jino moja, kisha jino la pili. Kwa magego, kunja waya kidogo kwa kidole ili uingie kwa pembe. Kioshe kwa maji, kikaushe, na ukibadilishe nywele zikichakaa. Mahali ambapo meno bado yamebanana, tumia uzi wa kusafishia meno: uzungushe kwenye ubavu wa jino na uushushe chini ya ukingo wa fizi, badala ya kuuchomoa tu kama mtu anayetoa nyama. Vijiti vya meno vya mezani huondoa mabaki ya chakula, lakini ukoga huuacha palepale.

Damu itatoka. Siku za mwanzo inaweza hata kukutisha, na hapo ndipo wengi huacha wakidhani wanajiumiza. Ufizi unaotoka damu ukiguswa ni ufizi mgonjwa unaohitaji kusafishwa zaidi, taratibu lakini bila kuruka siku. Kwa kawaida damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Sehemu inayoendelea kutoa damu baada ya hapo inakuambia kuna ugaga chini yake. Andika ni jino lipi, umwonyeshe daktari.

Kisha mswaki. Chagua wenye nywele laini na kichwa kidogo. Mgumu hula fizi na mizizi iliyo wazi. Ulaze kwa mshazari wa nyuzi 45, nywele zikielekea pale jino linapokutana na fizi, utikise kidogo kidogo mahali pamoja, kisha usogee kwenye meno mawili yanayofuata. Namna hii ilienezwa na Charles Bass wa New Orleans, Marekani, daktari ambaye kabla ya kugeukia meno alijulikana kwa kuotesha vimelea vya malaria ndani ya chupa za maabara mwaka 1912. Dakika mbili asubuhi, dakika mbili usiku. Usisahau upande wa ndani wa meno ya chini ya mbele, kwani huko ndiko ugaga hujaa upesi kwa kuwa mate humiminika karibu hapo. Tumia dawa ya meno yenye floridi, kiwango cha 1,000 hadi 1,500 kwa kipimo cha ppm kilichoandikwa kwenye boksi, kwa sababu mizizi iliyoachwa wazi na fizi huoza haraka kuliko sehemu ya juu ya jino. Ukimaliza tema, usisukutue kwa maji mengi.

Kama huna uhakika na mkono wako, chukua tone la rangi ya chakula, nyekundu au ya zambarau, ulitie kwenye pamba na upake meno, kisha usukutue mara moja. Palipobaki na rangi nzito pana ukoga. Wengi watashangaa kuona kwamba upande ule wa mkono wanaotumia ndio mchafu zaidi. Rudia mara moja kwa wiki mpaka kioo kikuridhishe.

Mswaki wa mti nao una heshima yake. Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 1986 kwa jamii zenye mazoea nao, na mti wake, *Salvadora persica*, hutumiwa kuanzia pwani yetu hadi Oman na Ghuba yote. Ukiutumia, ukate mpya, utafune ncha mpaka iwe na nyuzi laini, na upige kwa utulivu kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino. Kasoro yake kwa mgonjwa wa fizi ni kwamba hauingii katikati ya meno na kwa wengi haufiki nyuma ya magego. Kwa hiyo vibrashi bado ni vya lazima.

Ya kusukutua, na ya kuacha

Maji ya uvuguvugu, kikombe kimoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, yanatuliza fizi zilizochubuka na ni salama. Hayafiki chini ya mfuko. Maji ya klorheksidini, ya nguvu ya asilimia 0.12 au 0.2, ndiyo yenye ushahidi zaidi dhidi ya ukoga, lakini ni ya muda mfupi: wiki mbili hadi nne, kwa kawaida baada ya kusafishwa na daktari au wakati mswaki unauma mno. Yakitumiwa miezi, meno hupata madoa ya kahawia na ulimi hupoteza ladha. Acha nusu saa kati ya dawa ya meno na maji hayo, maana dawa nyingi za meno huyadhoofisha.

Karafuu hupunguza maumivu kwa saa chache. Mafuta yake yasiyochanganywa huunguza ufizi, kama inavyounguza aspirini inayowekwa kando ya jino. Mkaa na majivu hukwangua mizizi laini, na limau huila kwa ukali wake. Usijikwangue ugaga kwa pini, wembe au vile vyuma vinavyouzwa kwa bei rahisi, kwa sababu utauvunja juu, uchane ufizi, na kilicho chini kibaki. Na ninakusihi kwa dhati: usinunue kidonge cha amoksilini au metronidazoli kila fizi zinapovimba. Bakteria walio ndani ya ukoga wamejikinga, dawa huwapita bila kuwamaliza. Uvimbe hupungua kwa wiki moja, ugonjwa unaendelea kimya, na usugu wa dawa unaongezeka kwako na kwa nyumba yako nzima.

Siku ya kusafishwa kwa kina

Daktari atakupiga ganzi, kisha ataondoa ugaga chini ya fizi, upande baada ya upande, mara nyingi kwa ziara mbili hadi nne. Hakuna kukata wala kushona. Kwa siku moja au mbili fizi huuma kiasi, na kwa wiki kadhaa meno husisimka yakiguswa na maji baridi. Dawa ya meno ya kutuliza msisimko huo husaidia ukiitumia kila siku.

Kuna jambo limewafukuza watu wengi kliniki, nalo ni usemi kwamba kusafishwa kunalegeza meno. Ninaelewa unakotoka. Ugaga mwingi hushikilia meno legevu kama zege lililomwagwa kati ya nguzo zilizooza, na ukiondolewa, mtu huhisi meno yake yanatikisika na kuona mapengo yaliyokuwa yamezibwa. Fizi zilizovimba nazo hunywea, na meno huonekana marefu. Ulegevu ule ulikuwepo, ulikuwa umefunikwa. Ndani ya wiki na miezi inayofuata, fizi hukaza na meno mengi hutulia kuliko mwanzo. Muulize daktari kabla hajaanza ni meno gani anatarajia yatikisike, ili usije ukashtuka ukakimbia kabla ya kumaliza. Jino linalocheza sana anaweza kulifunga pamoja na majirani zake ili lipumzike.

Kwa wanaobanwa na gharama, mahali pazuri pa kuuliza ni kliniki za vyuo vinavyofundisha madaktari wa meno, kama vile Muhimbili jijini Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Nairobi, na Makerere jijini Kampala. Uliza pia kama unaweza kulipia upande mmoja kwa kila ziara.

Kabla ya kukaa kwenye kiti, mwambie daktari kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, kama una valvu bandia ya moyo, au kama uliwahi kupata maambukizi ya ndani ya moyo. Usiache dawa kwa uamuzi wako.

Mwili mzima unahusika

Tumbaku ndiyo adui mkubwa. Kwa mvutaji, fizi hutoka damu kidogo kwa sababu mishipa imebana, naye hujiona mzima huku mfupa ukiyeyuka. Kusafishwa nako humsaidia kwa kiasi kidogo kuliko asiyevuta. Ugoro na kuberi navyo huharibu ufizi pale vinapowekwa. Ukiweza jambo moja tu mwaka huu zaidi ya vibrashi, liwe kuacha tumbaku.

Kisukari na fizi huchocheana pande zote mbili. Sukari ikiwa juu, mifuko haiponi. Fizi zikitibiwa, kipimo cha sukari cha miezi mitatu hushuka kwa wastani wa karibu asilimia 0.4 baada ya miezi mitatu au minne, nafuu ambayo si ya kudharau. Ikiwa fizi zako zimeharibika ghafla, au majipu ya fizi yanarudirudi, pima sukari hata kama hujawahi kuambiwa unayo. Pima na VVU, hasa kama ncha za fizi katikati ya meno zimeoza, zina maumivu makali na harufu nzito.

Dawa nyingine hukuza fizi zikafunika meno: nifedipini na amlodipini za presha, fenitoini ya kifafa. Mweleze daktari aliyekuandikia, huenda ipo mbadala. Mama mjamzito naye asiogope kliniki ya meno. Kusafishwa ni salama, na miezi ya katikati ya ujauzito ndiyo yenye nafuu zaidi kwake.

Kuhusu chakula, meno yaliyolegea yapunguzie muwa, mahindi ya kuchoma na mifupa, tafuna pande zote mbili, na usilitikise jino kwa ulimi au kidole kuona kama limekaza. Matunda na mboga za majani visikosekane kwenye sahani yako.

Miezi mitatu baadaye

Rudi upimwe. Omba usomewe namba, nawe uziandike: mifuko mingapi imebaki juu ya milimita 4, ipi inatoka damu, ipi imebaki 6 au zaidi. Lengo ni mifuko ya milimita 4 au chini yake, isiyotoka damu. Iliyobaki hurudiwa kusafishwa. Pale penye milimita 6 na zaidi ambapo usafi wako ni mzuri na bado damu inatoka, hasa kwenye magego ambayo mizizi yake imeachana, upasuaji mdogo unaweza kuwa ndio njia fupi ya kuliokoa jino. Ukipendekezwa baada ya hatua hizi zote, usikilize. Ukipendekezwa siku ya kwanza kabla hujasafishwa wala kufundishwa vibrashi, una haki ya kuuliza kwa nini na kutafuta maoni ya daktari mwingine. Na jino moja lisilo na mfupa kabisa, linalotoa usaha, ling'olewe ili mengine yapone.

Kuna dalili ambazo hazingoji miadi. Uvimbe wa shavu au chini ya kidevu unaokua, homa, kushindwa kufungua kinywa, kumeza kwa shida au kupumua kwa shida: nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Baada ya hapo, ziara za kusafishwa huwa kila miezi mitatu au minne mwanzoni, kisha huongezwa nafasi kadiri fizi zinavyotulia. Huko Karlstad, Sweden, watafiti Per Axelsson na Jan Lindhe waliwafuatilia watu wazima kwa miaka 30 kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakiwafundisha usafi na kuwasafisha kwa ratiba. Kwa wastani kila mmoja alipoteza chini ya meno mawili, mengi kwa kuvunjika mizizi, machache mno kwa ugonjwa wa fizi. Hawakuwa na fizi zilizougua sana kama zako, kwa hiyo ratiba yako itakuwa ya karibu zaidi. Weka tarehe inayofuata kabla hujatoka kliniki, na kama una ndugu wa tumbo moja, nenda nao wakapimwe mifuko sasa, wakiwa bado kwenye milimita 4.